Mwongozo kamili: jua wamejaza nini kwa saplimenti kabla utoe pesa yako hapa Nairobi

Siku hizi swali naulizwa sana nikiwa kaunta ya kemisti ni hili, "na hapa ndani wameweka nini kingine?" na mimi hufurahi mtu akiuliza hivyo, juu wengi hununua kwa kuangalia picha ya mbele ya kopo na bei basi. Lakini hofu yenyewe mara nyingi imeelekezwa mahali si penyewe. Mtu ameona video ikisema magnesiamu stearati inamaliza kinga ya mwili, anarudisha multivitamini nzuri kabisa, halafu jioni anaagiza kwa nduthi unga wa kukata tumbo ambao hauna jina la kampuni, hauna namba ya bechi, hauna chochote. Wacha tupange haya maneno hatua kwa hatua, ndio ukisimama mbele ya rafu pale Moi Avenue ama ukiwa unaskroli usiku ujue cha kuangalia kwanza na cha kuachana nacho.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini vijazio vipo

Vitamini D ya yuniti 1000 ni maikrogramu 25 peke yake. Hiyo ni kidogo kuliko punje moja ya chumvi ya meza. Huwezi kuishika, huwezi kuihesabu, na hakuna mashine inaweza kuifinya iwe tembe. Kwa hivyo lazima iwekewe kitu cha kuipa mwili, na hicho ndicho kinaitwa kijazio, na tembe ya miligramu 500 inaweza kuwa karibu yote ni kijazio na bado umepata vitamini D yako kamili, hujaibiwa kitu.

Kila kijazio kina kazi yake. Kuna cha kuongeza ukubwa, kama selulosi, wanga, laktosi ama dikalsiamu fosfeti. Kuna gundi ya kushikanisha unga. Kuna kilainishi cha kufanya unga usigande kwa mashine, hapo ndio magnesiamu stearati huingia. Kuna silika ya kuzuia unga usifanye mabonge, kuna kitu cha kupasua tembe ikifika tumboni, halafu kuna ganda la nje, rangi, na utamu kama ni ya kutafuna.

Sasa, kwa vitu vya dozi ndogo kama vitamini D, B12 ama foliki, kijazio kingi ni kawaida. Lakini kwa vitu vya dozi kubwa kama kalsiamu, magnesiamu, unga wa protini na unga wa majani, kijazio kinakula nafasi uliyolipia, kwa hivyo hapo uliza maswali makali.

Hatua ya 2: Geuza kopo, usome nyuma kwanza

Mbele ya kopo ni matangazo. Nyuma ndio kuna kazi.

Kama imetoka Marekani utaona jedwali limeandikwa Supplement Facts, na chini yake mstari mdogo wa maandishi madogo sana unaoanza na Other Ingredients. Huo mstari ndio vijazio vyote. Kama imetoka Uingereza ama Ulaya, vitu vyote viko kwa orodha moja na kila kiongezi kimetanguliwa na kazi yake, kwa mfano bulking agent, anti-caking agent, glazing agent, na mara nyingi utaona namba ya E (namba ambayo Ulaya hupatia kila kiongezi) badala ya jina refu. Orodha hupangwa kwa uzito, kizito kinatangulia. Ukipata unga wa "moringa" ambao kitu cha kwanza kwa orodha ni maltodekstrini (unga wa wanga wa bei rahisi), basi ujue umenunua maltodekstrini iliyotiwa moringa.

Halafu angalia kipimo cha mara moja. Hapa watu hupotea sana. Kopo linasema kapsuli 60 na mbele wameandika miligramu 1500, lakini nyuma kipimo ni kapsuli tatu. Maana yake kila kapsuli ina miligramu 500 na kopo litakutoka kwa siku 20. Kama umelinunua 2,400 bob hiyo ni 120 kila siku, na lile la jirani yake la 1,800 lenye kapsuli 60 za kumeza moja kwa siku ni 30 bob. Fanya hesabu kwa simu hapo hapo dukani, mwenye duka hawezi kukukasirikia, na akikukasirikia toka.

Kingine cha madini. Uzito wa chumvi nzima (yaani madini pamoja na kile yameunganishwa nacho, si chumvi ya meza) na uzito wa madini yenyewe ni vitu tofauti. Tembe ya feras salfeti ya miligramu 200 ina aini (madini ya chuma) kama miligramu 65 hivi. Kalsiamu kaboneti ya miligramu 1250 inakupa kalsiamu 500. Magnesiamu oksaidi karibu asilimia 60 yake ni magnesiamu yenyewe ingawa mwili hauichukui vizuri, na magnesiamu glisineti ni kama asilimia 14 tu. Kampuni yenye heshima itakuandikia madini yenyewe ni ngapi. Kama lebo inasema tu "magnesiamu glisineti 1000" bila kufafanua, kwa kichwa chako weka kama 140.

Na ukiona Proprietary Blend, rudisha kwa rafu. Hiyo ni njia halali kwa sheria ya Marekani ya kutaja uzito wa mchanganyiko mzima bila kusema kila mmea ni kiasi gani. Wanaweza kuweka mmea wa bei rahisi miligramu 980 na ule wa bei ghali uliokuvutia miligramu 5, na wewe huwezi kujua. Mimi sioni sababu ya kumlipa mtu anayeficha hivyo wakati kuna wengine wanaandika kila kitu wazi.

Hatua ya 3: Majina ya kuachana nayo, usipoteze usingizi

Selulosi, E460, ni nyuzi za mimea, zile zile ziko kwa sukuma wiki. Inapita tu.

Magnesiamu stearati, E470b, hii imetukanwa sana bila kosa. Ile hadithi ya kuua kinga ilitoka kwa utafiti wa mwaka 1990 uliofanywa na seli za panya kwa maabara, na hizo seli za panya haziwezi kubadilisha asidi ya steariki venye za binadamu hufanya. Asidi ya steariki yenyewe iko kwa mafuta ya ng'ombe na kwa kakao, ukila nyama choma Jumamosi umekula nyingi kuliko ile ya kopo zima, juu kwa tembe huwa karibu asilimia 1 tu. Silika, E551, ni sawa kwa hicho kiasi. HPMC, E464, ni kapsuli ya mimea, hakuna shida nayo.

Dikalsiamu fosfeti ni sawa kwa wengi, ila kama una ugonjwa wa figo ama uko kwa dayalisisi mwambie daktari wako kuhusu kila tembe unayomeza, fosfeti kwenu ni mambo mengine kabisa.

Titaniamu dioksaidi, E171, iko katikati. Kazi yake ni kufanya tembe iwe nyeupe, hiyo tu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2021 kwamba haiwezi tena kuihesabu salama kwa sababu haikuweza kuondoa wasiwasi kwamba inaweza kuharibu DNA, na mwaka 2022 ikapigwa marufuku kwa vyakula na saplimenti huko. Marekani na Uingereza bado wanairuhusu. Maoni yangu: kama una tembe umeandikiwa na daktari na ina hiyo kitu endelea kumeza, lakini kama unanunua saplimenti mpya na ziko mbili sawa, chukua ile haina, juu weupe haukusaidii chochote. Vile vile ile rangi nyekundu ya E127, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliondoa ruhusa yake Januari 2025 na ikawapa watengenezaji wa vyakula na saplimenti mpaka Januari 2027, kwa hivyo makopo ya zamani bado yatakuwa sokoni.

Hatua ya 4: Sasa angalia mwili wako wewe

Kitu salama kwa jirani kinaweza kukusumbua wewe, na hapa hakuna video itakujibia.

Presha. Zile tembe za kuyeyuka kwa maji zikitoa mapovu, watu wengi walizizoea wakati wa korona kwa sababu ya vitamini C. Yale mapovu yanatoka kwa soda kama ile ya kupikia (baking soda), na hiyo ina sodiamu. Nyingine hufika miligramu 300 na zaidi kwa tembe moja, na WHO inasema mtu mzima abaki chini ya miligramu 2000 kwa siku nzima, chakula chote pamoja. Mzee wako akiwa na presha na anakunywa mbili kila asubuhi, mbadilishie ya kumeza. Hii moja naomba uichukulie kwa uzito kweli, juu kwa mbele ya kopo huwezi kuiona popote.

Sukari. Gami za watoto na za watu wazima ni peremende zilizowekwa vitamini. Unga wa kuongeza uzito wa pale jimu mara nyingi ni maltodekstrini kwa wingi, na hiyo inapandisha sukari haraka hata kama kwa mdomo haina utamu mkali. Mwenye kisukari asiguse bila kusoma.

Tumbo. Sorbitoli, mannitoli na ksailitoli, E420, E421 na E967, zinaleta gesi na kuharisha kwa wengine, hasa ukitafuna nyingi. Laktosi kwa tembe moja ni kidogo na wengi hawasikii kitu, lakini kama unameza tembe nne tano tofauti kila siku na maziwa huwa yanakusumbua, hesabu zote pamoja.

Rangi. Tartrazini, E102, huwashia watu wengine ngozi na wengine wenye asma inawasumbua. Kwa Ulaya, tangu 2010, chakula chenye rangi sita fulani, na tartrazini ikiwa mojawapo pamoja na E104, E110, E122, E124 na E129, lazima kiandikwe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu wa watoto. Sirapu ya mtoto haihitaji kuwa na rangi ya machungwa.

Imani. Jelatini inaweza kuwa ya nguruwe, ng'ombe ama samaki, na lebo ikisema jelatini tu bila mnyama, mwenye kutaka halali, Msabato, ama jamaa yetu wa Parklands asiyekula nyama kabisa, wote wana haki ya kuuliza. Kapsuli laini za mafuta ya samaki karibu zote ni jelatini. Njia rahisi ni kutafuta kapsuli ya HPMC ama chupa yenye alama ya halali ya shirika linalojulikana. Na E120 ni rangi nyekundu inayotoka kwa wadudu, wengi hawajui.

Mama mjamzito, nakuomba: zile tembe za aini na foliki unapewa bure kliniki usiziache kwa sababu ya rangi ama ganda lake. Kama zinakuchafua tumbo rudi kliniki uwaambie, wana njia za kukusaidia.

Hatua ya 5: Kile hakijaandikwa kabisa

Hapa ndipo watu wanaumia, na hapa ndipo ningependa hofu yote ihamie.

Kuna aina nne za saplimenti ambazo dunia nzima hukutwa na dawa za hospitali zimefichwa ndani: za kupunguza mwili, za nguvu za kiume, za kuongeza mwili na hips, na za maumivu ya viungo. Za kupunguza mwili hukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa soko la Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Za wanaume hukutwa na sildenafili (dawa iliyo ndani ya Viagra), na mtu wa moyo anayemeza dawa ya maumivu ya kifua ya aina ya naitreti, akiichanganya na hiyo, presha yake inaweza kuanguka mpaka afe. Za viungo, mwaka 2022 FDA ilitoa onyo kuhusu Artri King baada ya kukuta diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni ambazo hazikuwa kwa lebo.

Deksamethasoni inahitaji maneno yake yenyewe. Ni steroidi. Inaleta hamu ya kula, uso unavimba unakuwa mviringo, mtu anasema "enyewe inafanya kazi", na huku sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalegea. Halafu mbaya zaidi, ukiimeza kwa muda mrefu zile tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake, na ukiacha ghafla unaweza kuzimia na kupoteza maisha. Kwa hivyo kama umekuwa ukimeza tembe za kunenepa ama za goti zisizojulikana kwa wiki nyingi na umeanza kuogopa, usizitupe tu choo ukanyamaza, nenda hospitali nazo mkononi uwaambie ukweli, wao ndio watakushusha polepole. Sirapu za kunenepesha nazo mara nyingi huwa na saiproheptadini, dawa ya aleji inayoleta njaa na usingizi, na kuna mtu anaendesha gari ama bodaboda akiwa nayo kichwani.

Jinsi ya kushuku: matokeo ya siku moja. Mimea na vitamini haziko na haraka hiyo. Goti la miaka kumi likiacha kuuma jioni hiyo hiyo, kuna dawa ndani.

Upande wa unga wa mimea, kijazio huwa unga wa bei rahisi. Februari 2015 mwanasheria mkuu wa New York aliandikia maduka makubwa manne baada ya vipimo vya DNA kuonyesha ni asilimia 21 tu ya majibu ya vipimo vya saplimenti za mimea yalikuwa na DNA ya mmea ulioandikwa, na nyingine zilikuwa na mchele na maharagwe. Wataalamu walibishana na hicho kipimo kwa sababu mmea ukishakamuliwa DNA inaweza kupotea, na hiyo hoja ni ya kweli, lakini ule mchele haukuwa kwa lebo. Manjano nayo, huko Bangladesh watafiti walionyesha mwaka 2019 kwamba wengine walikuwa wanang'arisha mizizi kwa rangi ya njano ya kromati yenye madini ya risasi (lead), ambayo inaharibu ubongo wa watoto. Kwa hivyo manjano ya kupimwa kwa bakuli inayong'aa kupita kiasi, mimi simpi mtoto wangu.

Na protini: kiasi cha protini hupimwa kwa naitrojeni, kisha inazidishwa kwa 6.25. Mtu akitia glisini ama taurini ya bei rahisi, ambazo pia zina naitrojeni, kipimo kinapanda na misuli yako haipati kitu. Ukiona glisini, taurini ama kriatini kwa orodha ya vitu lakini lebo haisemi ni gramu ngapi, nunua nyingine.

Wakimbiaji na wachezaji, kwenu sheria haisamehi. Kilichokutwa kwa mkojo wako ni chako hata kama kilifichwa kwa kopo. Tafuta alama ya NSF Certified for Sport ama Informed Sport, halafu uhakikishe namba ya bechi kwa tovuti yao, na uulize ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni, kabla ya kumeza.

Hatua ya 6: Hakikisha hapa Nairobi

Bidhaa ya hapa nyumbani iwe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali chini yake. Tuma SM# ikifuatwa na hiyo namba kwenda 20023, jibu litakuja na jina la kampuni na bidhaa, na jina lazima lifanane na lililo kwa kopo, juu kuna watu wananakili alama ya bidhaa nyingine. Iliyoagizwa nje iwe na stika ya KEBS ya bidhaa za nje. Saplimenti na dawa za mimea ziko pia chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, ofisi zao ziko Lenana Road, na unaweza kuwauliza kama bidhaa imesajiliwa.

Nunua mahali utapata risiti. Kopo liwe na sili, bechi, tarehe ya kuisha na anwani ya mtengenezaji. Vidonge vya kuhesabiwa kwa karatasi ya nailoni pale eksibisheni, hata kama muuzaji ni mtu mzuri, hakuna njia ya kuvifuatilia baadaye.

Na hii ikae akilini: ukiona saplimenti imeandikwa FDA Approved, hiyo ni uongo. FDA haiidhinishi saplimenti kabla ziuzwe, sheria yao ya 1994 iliwekwa hivyo. Kampuni inayodanganya kwa lebo kubwa mbele itakudanganya pia kwa maandishi madogo nyuma. Alama ya USP Verified ni tofauti, hiyo inamaanisha kuna mtu wa tatu alipima kama kilichoandikwa kipo, kwa kiasi kilichoandikwa.

Hatua ya 7: Majaribio ya nyumbani, yanafika wapi

Kuchoma, kuelea kwa maji, kusugua kwa karatasi, achana nayo. Siki ya moto kidogo inaweza kukuonyesha kama tembe ya kalsiamu inapasuka ndani ya nusu saa, lakini haisemi kuna nini ndani. Iodini inageuza wanga kuwa bluu nyeusi, hiyo ni kweli, ila manjano na tangawizi zina wanga wake wa asili kwa hivyo zitageuka tu hata zikiwa safi. Sildenafili, steroidi na risasi huwezi kuziona jikoni kwa njia yoyote.

Hatua ya 8: Ukianza kumeza

Anza moja peke yake, upe wiki mbili kabla ya kuongeza nyingine. Piga picha ya lebo ya nyuma na namba ya bechi siku ya kwanza, usingoje kopo litupwe. Ukiwashwa ama tumbo likichafuka na saplimenti mbili tofauti, weka zile picha mbili pamoja utafute kijazio kinachojirudia kwa zote, mara nyingi jibu liko hapo, kisha tafuta ya tatu isiyo nacho.

Midomo ikivimba, pumzi ikikaza, macho yakigeuka njano ama mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, acha kumeza na uende hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na kopo lenyewe. Baadaye ripoti kwa PPB kwa mfumo wao wa intaneti wa madhara ya dawa, mtu yeyote anaruhusiwa kuripoti, si lazima uwe daktari. Weka zilizobaki na risiti, usizirudishie muuzaji zote, juu hizo ndizo maabara itahitaji kupima.